Hatua Thelathini

Katikati ya Septemba, jua halijachomoza, mtu anapanda mti huko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Amevaa nguo za rangi ya majani makavu. Amejifunga mkanda wa usalama kwenye shina, na upinde wake ameuacha chini ukiwa umefungwa kamba; akishakaa sawasawa ndipo anauvuta juu taratibu, usigonge tawi. Kisha anatulia. Anaweza kukaa hivyo saa nne bila kutamka neno, masikio yakitenganisha mkwaruzo wa kindi na kishindo chepesi cha kwato. Kulungu akitokea hatua mia kutoka pale, mtu huyu hana la kufanya ila kumtazama. Akisogea hadi hatua hamsini, bado anamtazama. Mpaka mnyama afike hatua thelathini hivi, au chini ya hapo, na awe amegeuza ubavu, ndipo upinde unapokuwa silaha.

Mwenye raifali asingengoja. Kwa darubini yake angekuwa amemaliza kazi tangu hatua mia mbili. Lakini mwenye raifali hayupo msituni asubuhi hiyo, kwa sababu sheria haijamruhusu kuingia. Katika jimbo hilo msimu mkuu wa kulungu kwa bunduki ni siku 9, mwezi wa Novemba, karibu na sikukuu yao ya Shukrani. Mwenye upinde yeye huanza Septemba na kuendelea mpaka mwaka mpya umeingia.

Silaha dhaifu imepewa miezi, silaha kali imepewa siku. Ndiyo habari ya mazungumzo ya leo: mapatano hayo yalifikiwaje, sheria inayalinda kwa vipimo gani, na nani hasa mwenye kauli ya mwisho kuhusu upinde upi ni halali. Msikilizaji wa Mombasa au Tabora anaweza kudhani haya ni mambo ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Sivyo. Njia ya habari hii inapita Tanganyika, na inafika hadi ukingoni mwa mto Galana, nyuma ya Malindi.

Wisconsin ndilo jimbo la kwanza kutenga msimu wa mishale peke yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulungu walikuwa wamepungua vibaya Marekani baada ya miongo ya watu kuwinda kwa ajili ya soko, na majimbo yalikuwa yameanza kuubana uwindaji kwa leseni, misimu na idadi. Wakatokea watu wachache waliotaka kurudi kwenye upinde, mmoja wao Roy Case wa mji wa Racine. Mwaka 1930 Case alimwangusha kulungu kwa mshale kihalali, akiwa amesimama katika msimu uleule wa wenye bunduki. Miaka minne baadaye, 1934, jimbo likafungua msimu wa majaribio katika kaunti mbili, Columbia na Sauk, bunduki marufuku. Wawindaji waliingia, wakazunguka, wakapigwa baridi. Kulungu aliyepatikana msimu mzima ni mmoja.

Mmoja! Na namba hiyo ndogo ndiyo iliyowafungulia mlango wenye pinde. Serikali ilikuwa imeona kwa macho yake kwamba inaweza kuwaachia watu msitu kwa majuma mengi bila kumaliza wanyama. Mapatano yakawa haya, ingawa hayakuandikwa popote kwa maneno hayo: wewe kubali kumsogelea mnyama, nasi tutakuongezea siku. Kanuni zote zilizokuja baadaye kuhusu silaha zinazoruhusiwa katika msimu wa upinde, majimbo 50 yenye vitabu vyao vinene, zinalinda zile hatua thelathini.

Mtu aliyewafundisha Wamarekani wa leo thamani ya kusogelea hakuwa mbunge wala mtengeneza pinde wa kiwandani. Mwezi Agosti 1911, nje ya mji wa Oroville, California, wafanyakazi wa machinjio walimkuta mtu amejikunyata uani, amekondeana kwa njaa, hajui neno la Kiingereza. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, watu waliokwisha kwa kuuawa na walowezi na kwa maradhi. Wasomi wa Chuo Kikuu cha California walimchukua San Francisco. Kwa desturi yake hakuwa tayari kulitamka jina lake mbele ya wageni, basi wakamwita Ishi, ambalo kwa lugha ya kwao ni mtu tu. Aliishi katika jumba la makumbusho, na hospitali ya chuo ilikuwa jirani. Daktari wa upasuaji wa hapo, Saxton Pope, alianza kwa kumtibu akaishia kukaa chini yake kama mwanafunzi.

Ishi alimwonyesha namna ya kuchonga upinde kwa mti wa jamii ya mtarakwa. Alimwonyesha kumega chembe cha mshale kutoka kipande cha chupa, akikibonyeza kwa ncha ya mfupa mpaka makali yajitokeze. Alimfundisha kumwita sungura kwa sauti ya kubusu, nyembamba kama ya kinyama kilichonaswa. Pope alipomshindanisha na wapiga shabaha kwenye uwanja wa majani, Ishi hakuwa wa kutisha. Umahiri wake ulikuwa mahali pengine. Alijua kufika. Alijua upepo unaelekea wapi, alijua kukaa nusu saa bila kutikisika, na alipoachia mshale mnyama alikuwa hatua kumi au ishirini mbele yake.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu Machi 1916. Pope aliandika kitabu kuhusu uwindaji wa upinde mwaka 1923, nacho kikawasha moto nchi nzima. Mwaka 1925 yeye na mwenzake Art Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walisafiri hadi Tanganyika kujaribu pinde zao kwa simba, White akiwa nyuma yao na bunduki tayari. Pope alifariki mwaka uliofuata. Chama kinachotunza rekodi za wanyama wakubwa waliopatikana kwa upinde Marekani ya Kaskazini, kilichoanzishwa 1961, kinaitwa kwa majina ya hao wawili, Pope na Young. Aliyewafundisha hakutajwa kwenye kibao.

Sasa tuingie kwenye kanuni zenyewe, kwa sababu humo ndimo wazo linapogeuka kuwa chuma na mti.

California ina kifungu cha 354 katika kanuni zake za uwindaji, na kinafaa kusomwa polepole. Chembe cha mshale wa kuwindia mnyama mkubwa kiwe na upana usioweza kupita kwenye tundu la inchi saba ya nane, yaani sentimita 2.2 hivi. Upinde uwe na nguvu ya kuurusha mshale halali yadi 130 kwenye ardhi tambarare, takriban mita 119. Chembe chenye kulipuka hakiruhusiwi, wala chenye sumu au dawa ya kulevya. Mtu asiwe ndani ya gari na mshale umeshapachikwa kwenye ugwe. Na katika msimu wa upinde, mwindaji wa mishale asibebe bunduki porini, isipokuwa watu wachache waliotajwa, kama vile maofisa wa usalama.

Hilo tundu la inchi saba ya nane ni kipimo ambacho fundi yeyote wa Gerezani au Gikomba angekielewa papo hapo. Toboa bati kwa upana huo, shika mshale, jaribu kupenyeza. Chembe kikipita, hakifai. Hakuna haja ya maabara. Sababu yake iko ndani ya mwili wa mnyama. Risasi huua kwa kishindo pamoja na jeraha. Mshale hauna kishindo. Mshale unakata. Unatakiwa upite mapafuni au kwenye mishipa mikubwa na kuacha mlango mpana wa damu, na ukifanya hivyo mnyama huanguka baada ya sekunde chache tu, pengine hata hajajua kilichompata. Chembe chembamba kinachoma kama msumari. Mnyama anaondoka nacho, anakufa siku ya tatu kwenye kinamasi, hakuna aliyemla.

Kwa hiyo mwenye upinde akishaachia haondoki pale alipo. Anatazama saa. Anangoja nusu saa, maana mnyama akisikia anafuatwa atakimbia hata kwa pumzi ya mwisho. Kisha anashuka na kuutafuta mshale wake, na kuusoma. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu. Mnyama yuko karibu. Damu iliyoiva, nyeusi, ni ya ini. Inabidi kungoja zaidi. Majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na hapo mwindaji mwenye utu anajua amekosea, anarudi nyuma na kukaa saa nyingi kabla ya kufuata, akiomba mvua isinyeshe ikafuta alama. Vipimo vyote vya chini vilivyoandikwa vitabuni vinatokana na huyo kulungu aliyepigwa tumbo. Colorado inataka upinde wenye mvuto usiopungua ratili 35, kilo 16 hivi, na chembe chenye makali ya chuma yasiyopungua mawili. Wisconsin inakubali ratili 30. Tofauti ni ndogo, shabaha ni moja.

Viko pia vipimo vya juu, na hivyo ndivyo vinavyozusha ugomvi. Vya chini vinamlinda mnyama. Vya juu vinaulinda msimu wenyewe, usije ukageuka msimu wa bunduki uliovaa jina la upinde.

Ugomvi ulianzia Missouri. Mtu aitwaye Holless Wilbur Allen aliona kwamba kulungu anaruka kabla mshale haujafika, akataka mshale wenye kasi zaidi. Akaanza kuchezea magurudumu. Aliomba hataza mwaka 1966, akaipata Desemba 1969, na upinde haukuwa tena kitu kilekile. Mabaharia wa majahazi wataelewa upesi, kwa kuwa alichokifanya ni kuweka roda kwenye ncha za upinde, kama ile roda ya mlingotini inayompa mtu nguvu ya kulipandisha foromali zito na tanga lake. Upinde wa kale kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na pale ulipofika mwisho, mkono ukitetemeka, ndipo unapotakiwa kulenga. Upinde wa roda unakuwa mzito katikati ya safari, kisha unalegea. Wenye mvuto wa ratili 60 unaweza kubaki na ratili 12 tu mkononi mwisho wa kuvuta. Mtu anashika, anapumua, anangoja mnyama ageuke.

Baadhi waliuona kama udanganyifu. Lakini watu wa kawaida waliupenda: mtu wa kiwandani asiye na muda wa kufanya mazoezi kila jioni, mwanamke asiye na mabega ya mpiga makasia, mzee mwenye baridi yabisi. Ukaenea nchi nzima katika miaka ya 1970, na sheria ikabaki kuutafutia mipaka. Colorado imeandika kwamba uzito unaopungua usizidi asilimia 80. Zipo kanuni za majimbo ya magharibi zilizokataza vifaa vya umeme na betri kwenye upinde na mshale, na watu wamebishana miaka na miaka kuhusu kitaa kidogo kinachowaka kwenye kitako cha mshale ili usipotee. Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo la kupotezea muda. Hata hivyo kila kitaa, kila darubini, kila kipimo cha umbali kinaongeza hatua chache kwenye zile thelathini, na zikiongezwa mara kumi msimu umebaki jina.

Kisha ikaja krosibo. Huu ni upinde uliolazwa juu ya kitako cha mti au plastiki, una kifyatulio, unavutwa mara moja na kufungwa na ndoana, halafu unakaa tayari saa nzima bila mtu kutoa jasho. Ni silaha ya zamani sana. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterani uliwalaani wapiga krosibo na wapiga mishale wanaozielekeza silaha hizo kwa Wakristo, na wafalme wa Uingereza wa karne ya 16 waliwazuia watu wenye kipato kidogo wasiimiliki. Tangu zamani watawala wameiogopa kwa sababu hiyohiyo: mtu asiye na mafunzo ya miaka anaweza kuua kwayo.

Marekani imegawanyika. Ohio imeiruhusu tangu miaka ya 1970. Pennsylvania na Michigan zilifungua mlango kwa upana mwaka 2009. Wisconsin iliipa msimu wake mwaka 2014. California na Colorado zinaikataa katika msimu wa upinde, isipokuwa kwa mlemavu mwenye kibali, na Oregon haitaki kuiona hata kidogo kwenye uwindaji. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, sasa zinaishi Ohio na Michigan, na yeyote miongoni mwao anayefikiria kuwinda ajue kwamba kilicho halali kwenye duka la mtaani kwake kinaweza kumpeleka mahakamani akihamia jimbo jingine. Kijitabu cha kanuni hutolewa kila mwaka na kila jimbo. Kisomwe cha mwaka huo, cha jimbo hilo.

Wanaoitetea krosibo wana hoja nzito. Wawindaji wanazeeka na kupungua, huku kulungu wakiwa wengi kupita kiasi kwenye vitongoji vya mashariki, wakila bustani na kugongwa na magari usiku. Kaunti ya Fairfax, jirani na mji mkuu, Washington, ina mpango rasmi wa kuwapunguza kwa mishale katika maeneo ambako risasi ingevuka ukuta wa nyumba ya mtu. Penye hali hiyo, kubishana kuhusu usafi wa upinde ni kuwanyima watu suluhisho. Na mtu aliyepoteza mkono kazini au vitani akipewa krosibo, hakuna anayeibiwa chochote.

Tatizo ni kuwapa wote kila mahali. Ukiwauliza wenye pinde wenyewe ni dakika ipi ngumu kuliko zote, hawatataja kupanda mti wala baridi. Watataja ule wakati wa kuvuta. Kulungu yuko hatua ishirini, kichwa kimeinama, masikio yanazunguka. Mwindaji anapaswa kuinyanyua mikono yote miwili na kuurudisha mkono wa ugwe mpaka kwenye shavu, mbele ya mnyama ambaye ameumbwa kuona mtikisiko. Mara nyingi mnyama anaona, anapiga mguu chini, anapotea. Hapo ndipo kulungu anapata nafasi yake. Krosibo imeshavutwa tangu alfajiri. Inaondoa dakika hiyo moja, na dakika hiyo ndiyo bei iliyolipiwa miezi minne. Mstari ulio wazi kuliko asilimia na betri ungekuwa huu: upinde ni ule unaovutwa na kushikiliwa kwa mkono wakati mnyama yupo. Colorado na California zimeusogelea mstari huo, na zimefanya vizuri.

Wenye gobori nao wana msimu wao katika majimbo mengi, kwa mantiki ileile: risasi moja, baruti ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, kisha uanze upya. Na gobori nalo limeingiliwa na mafundi mpaka baadhi yake yanapiga karibu sawa na raifali.

Fedha nazo zimo. Mwaka 1937 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Pittman na Robertson, ikaagiza kodi ya bunduki na risasi iende kwenye uhifadhi wa wanyamapori majimboni. Mwaka 1972 pinde na mishale zikaingizwa. Leo upinde wa kuwindia unatozwa asilimia 11, na kila uti wa mshale una kodi yake. Mwenye upinde analipia msitu anaokaa, na hili linampa sauti mezani kanuni zinapoandikwa. Ukilinganisha, Uingereza imefunga mlango kabisa: sheria yake ya wanyamapori ya 1981 inakataza kumuua mnyama wa porini kwa upinde au krosibo. Nchi yenye hadithi nyingi za wapiga mishale kuliko nyingine yoyote imeamua mshale hauna huruma ya kutosha. Namibia, iliyoruhusu upinde katika miaka ya 1990, ilichagua kupima nishati ya mshale kulingana na ukubwa wa mnyama.

Na hapa ndipo mazungumzo yanapovuka bahari kurudi nyumbani.

Nyuma ya pwani ya Kenya, kati ya Malindi na nyika ya Tsavo, wanaishi Wawaata, ambao majirani huwaita Waliangulu au Wasanye. Walikuwa wawinda tembo. Upinde wao ulikuwa na mvuto unaozidi ratili 100, zaidi ya kilo 45, ambao vijana wengi wenye misuli ya gym leo hawaufikishi hata nusu. Mara mbili na zaidi ya kipimo cha Colorado. Hata hivyo nguvu hiyo haikuwa kwa ajili ya kupiga mbali. Mwaata alitembea hadi karibu kabisa na tembo, upepo usoni, akatafuta mahali laini pa ubavu, chini ya mbavu za mwisho.

Kilichoua ni sumu. Inatoka kwa mti wa msunguti: vijiti na mizizi hupasuliwa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ibaki lami nyeusi, ngumu kama gundi. Wagiriama walikuwa mafundi wake na waliiuza. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kiini chake, na dunia ya tiba ikakiita ouabain, jina lililotokana na Kisomali. Kinashika moyo na kuusimamisha. Mwaata aliipaka kwenye uti wa chuma nyuma ya chembe, kisha akauzungushia ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke, isioshwe na umande, isimkwaruze mwenyewe. Mshale ulikaa podoni ukiwa umevikwa hivyo. Tembo akishaonekana, kidole gumba kilitafuta ncha ya ngozi na kuifungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila kuondoa macho kwa mnyama.

Mtu huyu hakutengewa msimu. Serikali ya kikoloni iligeuza uwindaji kuwa jambo la leseni, na leseni ikawa ya wenye fedha na bunduki. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa 1948 juu ya ardhi ambayo Wawaata walikuwa wakiwinda. Pembe walizopata zilikuwa na wanunuzi wa pwani, tembo waliuawa wengi, na hilo halifichiki. Kampeni ya 1956 na 1957 dhidi ya ujangili ikawakamata na kuwafunga wanaume wengi wa jamii hiyo. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, kando ya mto, ulionuia kuwapa Wawaata riziki halali kutokana na tembo. Haukudumu katika sura hiyo. Ardhi ikageuka ranchi ya ng'ombe. Mwezi Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, wa tajiri na wa maskini, na marufuku hiyo ingalipo.

Tanzania ilichukua njia nyingine, na Wahadza kandokando ya Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde, kwa sumu ya mdagu wa jangwani wanaouita panjube na ya mbegu wanazoziita shanjo. Kinachowabana ni ardhi na mifugo ya wengine kuliko sheria ya silaha.

Haimaanishi Tsavo ilipaswa kuachiwa mishale bila hesabu. Tembo wa mwaka 1957 walihitaji ulinzi, na wa leo wanauhitaji zaidi. Ila tofauti ya miaka ni chungu. Katika 1934 watu wachache wa Wisconsin walikwenda ofisini na kusema, tunataka kuwinda kwa kitu kigumu zaidi, tupangieni siku. Wakasikilizwa, wakapangiwa kaunti mbili, wakahesabiwa kulungu mmoja, na kutokana na hesabu hiyo pakajengwa miaka 90 ya kanuni. Wawaata walikuwa na upinde mgumu kuliko wa hao wote, na ujuzi wa kusogelea ambao Ishi angeutambua mara moja. Mbali na jaribio fupi la Galana, hakuna afisa aliyekaa nao chini kuuliza tembo wangapi, mwezi upi, chembe cha upana gani.

Yapo majumba ya makumbusho yenye pinde za Wawaata. Upinde huo ukilazwa mezani mbele ya mkaguzi wa California akaukagua kwa kifungu cha 354, yadi 130 utazivuka. Mvuto hautamtia shaka. Si krosibo, betri hauna, roda hauna. Unavutwa kwa mkono, na unashikiliwa kwa mkono, mnyama akiwa yupo. Atafika kwenye mshale. Atakuta ule ukanda wa ngozi umezungushwa nyuma ya chembe, umekauka na kukunjamana, na atauliza ulikuwa wa nini.